Jinsi ya kupima maelezo ya zana za wakala wa akili mnemba: mwongozo kamili

Betri ilitoka dukani alasiri, na hadi magharibi pesa zilikuwa hazijaingia. Mwenye duka, mama mmoja wa Mombasa anayeuza paneli za sola na vifaa vyake, alinipigia simu. “Mwanangu, hii mashine yako imesema mteja amelipa. Mbona mimi sioni kitu?” Nilifungua kumbukumbu za mazungumzo nikasoma mstari kwa mstari. Modeli ya lugha, yaani akili mnemba inayoendesha mashine hiyo, haikuwa imekosea. Kosa lilikuwa kwenye sentensi moja niliyoiandika mwenyewe kuieleza zana ya malipo: “Hulipisha mteja kwa M-Pesa.”

Zana ile hailipishi mtu. Inatuma ombi, simu ya mteja inafungua kidirisha cha PIN, na mteja ana hiari ya kuweka PIN au kukatisha. Mfumo ukishapokea ombi hujibu papo hapo kwamba limekubaliwa kushughulikiwa. Wakala wangu akaona “limekubaliwa”, akalinganisha na maelezo niliyompa kwamba zana hii hulipisha, akaliambia duka litoe mzigo. Mtu yeyote mwenye maneno hayo mawili tu mbele yake angefikia uamuzi uleule.

Tangu siku hiyo naanza kukagua maelezo ya zana kabla ya kugusa msimbo. Kwa “wakala” simaanishi yule wa kibandani anayekutolea pesa. Namaanisha programu inayotumia modeli ya lugha kuamua zana ipi iitwe, lini, na kwa thamani zipi. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayoyafanya kazini, na mfano wangu utakuwa duka hilohilo.

Modeli inaona nini hasa

Kampuni ya OpenAI ilipoanzisha wito wa zana kwenye API yake (mlango ambao programu hupitia kuzungumza na modeli) mwezi Juni 2023, na kampuni ya Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP (utaratibu wa pamoja wa kuunganisha wakala na zana) mwezi Novemba 2024, msingi ulikuwa mmoja. Kila zana hupelekwa kwa modeli ikiwa na jina, maelezo ya maneno, na skima ya JSON, yaani mpangilio unaosomeka na mashine, inayotaja parameta zake (thamani ambazo zana inahitaji kujazwa). Basi. Modeli haioni msimbo wako wala hifadhidata yako, na haikuwepo kwenye kikao mlichokubaliana kwamba namba za simu zianze na 254. Kitu usichokiandika hapo hakipo, na modeli itajaza pengo kwa kukisia.

Kwa hiyo swali la kupima si kama maelezo yameandikwa vizuri. Nimeona maelezo yenye lugha safi kabisa yakiwa chanzo cha hasara, na mengine ya mkato yakafanya kazi mwaka mzima bila tatizo. Swali ni hili: mtu asiye na kitu kingine chochote mkononi, akiyafuata haya, atakosea wapi?

Hatua ya 1: chukua maelezo jinsi yanavyofika

Usisome faili lako la msimbo. Mifumo mingi ya kuunda mawakala huchukua maoni uliyoandika juu ya fanksheni, ikayakatakata, kisha ikatengeneza skima yenyewe. Mara nyingine maelezo ya parameta hupotea njiani, kikabaki “simu: maandishi” na hakuna zaidi. Kama unatumia MCP, ita tools/list, ombi linaloorodhesha zana zote, na uchapishe jibu lote. Kama unatumia API moja kwa moja, chapisha ombi zima linalotoka kwenye seva yako. Hicho ndicho unachokipima.

Kisha mpe mtu asiyeujua mfumo wako. Mkalishe na ile karatasi, msomee jumbe tano za wateja halisi, na umwombe aandike kwa kalamu: angeita zana ipi, na kila parameta angeijaza vipi. Wewe nyamaza. Kila anapoinua kichwa kukuuliza kitu, weka alama, maana hapo pana tundu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika kazi hii mgeni huponya kweli: mimi niliyejenga mfumo siwezi tena kuyaona maneno yangu bila kuyajaza kwa ninayoyajua. Zoezi hili huchukua nusu saa na huibua matatizo mengi kabla hujatumia hata tokeni moja, yaani vile vipande vya maneno ambavyo modeli huvisoma na kukutoza kwavyo.

Hatua ya 2: kagua maneno yenyewe

Naanza na athari, kwa sababu ndiko hasara iliko. Je, zana inasoma tu, au inabadilisha kitu? Ikiitwa mara mbili, mteja atapata maombi mawili? Ikijibu “sawa”, sawa hiyo ina maana gani?

Hili la mwisho linastahili kuangaliwa kwa karibu. Kwenye Daraja, mlango wa API wa Safaricom, ombi la kulipisha kwa kidirisha cha PIN lina majibu mawili kwa nyakati mbili. La kwanza huja papo hapo likiwa na ResponseCode, na 0 hapo ina maana ombi limepokelewa. La pili huja baadaye kwenye anwani uliyoiandikisha, likiwa na ResultCode. Hapo 0 ndiyo malipo yenyewe, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja amekatisha, na 2001 ni PIN isiyo sahihi. Sifuri mbili zenye maana mbili tofauti. Msanidi aliyesoma nyaraka anazitenganisha. Modeli iliyopewa sifuri ya kwanza pamoja na neno “hulipisha” haina namna ya kuzitenganisha.

Maelezo yangu ya zamani yalikuwa haya:

> lipisha: Hulipisha mteja kwa M-Pesa. Parameta: simu, kiasi, kumbukumbu.

Na haya ndiyo yanayotumika sasa:

> tuma_ombi_la_malipo: Hutuma ombi la malipo ya M-Pesa Kenya kwenye simu ya mteja ili aweke PIN. Haithibitishi malipo. Jibu la mafanikio lina maana ombi limepokelewa tu. Mteja bado anaweza kukatisha, kukosea PIN au kukosa salio. Itumie baada ya mteja kukubali kiasi kwa maneno yake mwenyewe. Ikisharudisha namba ya ombi, tumia angalia_malipo kwa namba hiyo. Usimwambie mteja wala duka kwamba pesa zimefika kabla angalia_malipo haijarudisha “yamekamilika”. Usiiite tena kwa oda ileile kabla hujajua hatima ya ombi la kwanza. Hairudishi pesa, kwa hilo tumia omba_kurejesha.
>
> simu: tarakimu 12 zinazoanza na 254, bila alama ya kujumlisha wala nafasi, kwa muundo 2547XXXXXXXX au 2541XXXXXXXX. Mteja akiandika 07 au 01 mwanzoni, ondoa 0 uweke 254.
>
> kiasi: shilingi za Kenya, namba nzima, bila senti wala mkato. Mfano: 4500.
>
> kumbukumbu: namba ya oda, herufi na tarakimu zisizozidi 12.

Tazama kilichobadilika kwanza: jina. Modeli husoma jina kabla ya mengine yote, na “lipisha” lilikuwa tayari limesema uongo kabla ya maelezo kuanza. Ukiwa na muda wa kurekebisha kitu kimoja tu, rekebisha majina.

Kisha angalia kwamba maelezo mapya yanataja kazi ambayo zana hii haifanyi, na zana ya kutumia badala yake. Ni rahisi kusahau kuandika kile ambacho zana haifanyi, kwa sababu kwetu ni dhahiri. Mteja akiandika “nataka pesa yangu”, wakala mwenye zana ya malipo peke yake machoni ataielekea hiyo. Neno moja la kumwelekeza kwingine linatosha.

Mapendekezo ya Anthropic ni angalau sentensi tatu au nne kwa kila zana, na zaidi pale zana ikiwa ngumu. Kwa zana inayogusa pesa mimi sijali urefu. Kwa zana inayosoma bei ya paneli, sentensi mbili zinaweza kutosha kabisa.

Saa, pesa na namba za simu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu si rahisi kulipata jambo hili kwenye miongozo iliyoandikwa kwa watumiaji wa lugha nyingine, nalo ndilo linalotuumiza zaidi.

Duka lina zana ya pili, panga_kupeleka, inayopanga gari la kupeleka mzigo. Mteja anaandika: “Mniletee kesho saa mbili asubuhi.” Sisi tunajua ni 08:00. Modeli iliyosoma maandishi mengi ya Kiingereza kuliko ya Kiswahili inaweza kuandika 02:00, na skima itaipitisha bila malalamiko kwa sababu 02:00 ni saa halali. Mwingine anaandika “saa 8 mchana”, ambayo ni 14:00, na mwingine “8am”, ambayo ni 08:00. Tarakimu ni ileile katika ujumbe wote wawili.

Kwa hiyo kwenye parameta ya wakati niliandika hivi: “Tarehe na saa kwa muundo wa 2026-03-14T08:00:00+03:00. Mteja akitaja saa kwa Kiswahili, geuza: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00, saa nane usiku ni 02:00. Akitumia am au pm, usigeuze. Asipotaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kabla ya kuita zana.” Mifano minne ya kugeuza iliyo wazi ilinisaidia kuliko sheria ya kuongeza saa sita, maana sheria ile ina pande zake na modeli iliitumia hata pale mteja aliposema 8am.

Na “kesho” je? Modeli haina kalenda mfukoni. Kama tarehe ya leo haimo kwenye maelekezo ya mfumo au hakuna zana ya kuiuliza, maelezo mazuri kiasi gani hayatakuokoa. Kagua hilo kabla ya kulaumu maneno.

Pesa zina yake. “Elfu nne mia tano” haina shida sana. “Laki na nusu” ni 150,000. “Ngiri mbili” ya Mombasa au Nairobi ni 2,000, na mteja wa Dar es Salaam akisema “buku mbili” anamaanisha idadi hiyohiyo lakini kwa shilingi nyingine. M-Pesa ipo Kenya na ipo Tanzania. 254 na 255 zinatofautiana tarakimu moja, na sarafu zinatofautiana kabisa. Kama zana yako ni ya nchi moja, iandike nchi hiyo. Na pale inapowezekana usitegemee maneno pekee: weka kanuni kwenye skima yenyewe ili namba isiyoanza na 254 ikataliwe, na ujumbe wa kukataa useme kilichokosewa na namna ya kukirekebisha. “Hitilafu 400” haimfundishi wakala chochote. “Namba lazima ianze na 254, umetuma inayoanza na 07” inamfanya ajirekebishe mara ileile.

Hatua ya 3: andaa maswali kabla ya kupima

Kusoma kwa macho kuna mwisho wake. Sasa unahitaji maswali, na maswali mazuri hutoka kwa wateja wenyewe. Chukua ujumbe wa kweli, ondoa majina na namba za watu, acha tahajia zao na Sheng yao kama ilivyo. Arobaini yanatosha kuanzia. Kwa kila moja andika jibu unalolitegemea kabla hujaendesha chochote, kwa sababu ukishaona jibu la modeli ni rahisi kujishawishi kwamba hilo ndilo ulilolitaka.

Hakikisha mchanganyiko una pande zote. “Nitumie ombi la 4500 kwa namba hii” ni rahisi, na lazima liwemo. Lakini weka pia “Mnakubali M-Pesa?”, ambapo hakuna zana inayopaswa kuitwa. Weka “Nitalipa nikishaona mzigo”, ambapo kuituma ni kosa. Weka “Nimeshalipa jamani”, ambapo zana sahihi ni ya kuangalia na si ya kutuma tena. Weka “Haya, tuma” bila namba wala kiasi, ambapo wakala anapaswa kuuliza. Ukipima kwa maswali ya kuita tu, utajipongeza kwa wakala anayeita zana kwa kila salamu.

Hatua ya 4: endesha na uhesabu makosa kwa aina zake

Usipime kwa pesa za kweli. Tengeneza zana bandia zenye maelezo yaleyale, zinazorudisha majibu uliyoyaandaa: hili limekubaliwa, hili 1032, hili halijajibiwa bado. Endesha kila swali mara tano, kwa kuwa modeli inaweza kupatia mara nne na kukosea ya tano, na ya tano ndiyo itakayompata mteja.

Alama moja ya jumla haikuambii cha kurekebisha. Gawa makosa. Wakala aliita zana isiyo sahihi? Basi tatizo ni majina au mipaka kati ya zana. Aliita sahihi kwa thamani mbovu? Nenda kwenye maelezo ya parameta. Aliita pasipohitajika, au hakuita palipohitajika? Angalia sentensi ya “itumie lini”. Kuna na aina ya mwisho ambayo wengi hawaihesabu: aliita sahihi, kwa thamani sahihi, halafu akalielewa vibaya jibu. Betri yetu ilitoka dukani kwa kosa la aina hiyo. Ukiangalia wito peke yake, siku ile wakala wangu alipata alama zote. Ndiyo maana nasoma hadi sentensi ya mwisho anayomwandikia mteja, na kwa zana za pesa naisoma kila moja kwa macho yangu.

Ukiwa na maswali 40, kutoka 34 sahihi hadi 36 si ushahidi wa kitu. Endesha tena na unaweza kupata 33. Kosa lililokuwa likijirudia mara tano kati ya tano likatoweka baada ya kubadilisha sentensi moja, huo ni ushahidi.

Hatua ya 5: badilisha kimoja, pima tena

Badilisha sentensi moja au jina moja, kisha endesha upya. Ukibadilisha matano pamoja na matokeo yakapanda, hutajua lipi lilisaidia na lipi liliharibu kimyakimya. Na tenga maswali kama kumi na tano ambayo huyagusi wakati wa kurekebisha. Ni rahisi mno kuandika maelezo yanayojibu maswali yako arobaini na kushindwa na la arobaini na moja. Yale yaliyofichwa ndiyo yatakayokuonyesha.

Hatua ya 6: pima zana zikiwa pamoja

Zana inayofanya vizuri peke yake inaweza kupotea ikiwekwa kati ya wenzake. Tulipoongeza tafuta_oda kwenye duka, angalia_malipo ilianza kuachwa: zote mbili zilisema zinaonyesha “hali ya oda”. Hakuna kilichokuwa kimeguswa kwenye maelezo ya angalia_malipo. Ndiyo maana maswali yote huendeshwa upya kila zana mpya inapoingia. OpenAI hushauri zisizidi 20 kwa wakati mmoja, nami naona hata hizo ni nyingi kwa duka. Zana mbili zikigombania swali moja, kabla ya kuongeza maneno jiulize kama zinaweza kuwa moja.

Urefu nao una gharama, kwani maelezo yote husafiri na kila ombi, na Kiswahili hukatwa katika tokeni nyingi kuliko Kiingereza kwenye modeli nyingi. Hapo huja swali la lugha gani utumie. Msimamo wangu: andika kwa lugha ambayo wewe unaweza kusema jambo kwa usahihi bila kubabaika, na mifano ya maneno ya wateja iache kwa Kiswahili hata kama mengine umeyaandika kwa Kiingereza. Kisha pima zote mbili kwa maswali yaleyale. Usichukue neno la mtu, hata langu.

Ukipewa zana za watu wengine

Kuunganisha seva ya MCP ya mtu baki ni kumruhusu mtu huyo aandike maneno ambayo wakala wako atayasoma na pengine kuyatii. Mwaka 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha maelezo ya zana yaliyofichwa maagizo ndani yake, kama vile kumtaka wakala asome faili la siri na kulituma kupitia parameta isiyo na kazi, huku mtumiaji akiona muhtasari tu kwenye skrini yake.

Kwa hiyo soma maandishi yote, si muhtasari. Tafuta herufi zisizoonekana. Maelezo yanayozungumzia faili, zana nyingine zisizo zake, au yanayomwambia wakala asimtajie mtumiaji jambo, yakatae bila mjadala. Alama kama readOnlyHint (zana inasoma tu) na destructiveHint (zana inaweza kuharibu kitu) zilizomo kwenye MCP ni vidokezo vya mwenye seva, na itifaki yenyewe inataka zisiaminiwe isipokuwa seva unaiamini. Mwisho, hifadhi alama ya utambulisho (hash, msimbo mfupi unaobadilika maandishi yakibadilika) ya maelezo uliyoyakubali na uilinganishe kila unapounganisha, kwa kuwa seva inaweza kubadilisha maneno baada ya kupewa ruhusa.

Lini upime upya

Modeli ikibadilishwa toleo, API ya nyuma ikibadilika, zana ikiongezwa, au maneno yakiguswa hata kwa nukta. Mimi huyaweka maswali na majibu tarajiwa kwenye hifadhi moja na maelezo, ili anayegusa hili alione lile. Kila Jumatatu huchukua mazungumzo kumi ya wiki iliyopita ambamo zana ya malipo iliitwa, nikayasoma hadi mwisho, na lenye jambo jipya huingia kwenye maswali.

Mteja wa wiki iliyopita aliandikiwa hivi: “Ombi la 4500 limetumwa kwenye simu yako. Ukishaweka PIN nitaangalia kama limefika, ndipo niliambie duka litoe mzigo.” Alikatisha. Wakala akarudishiwa 1032, akamuuliza kama angependa kutumiwa tena, na betri ikabaki kwenye rafu.